Mikono Miwili, Watoto Watatu

Tarehe 3 Februari

Mkwe wangu,

Pokea salamu zangu, uwagawie na watoto kila mmoja fungu lake, na Kitinda asipunjwe kwa kuwa ni mdogo. Huku tupo. Goti la kushoto limenuna tangu mvua zilipoanza, la kulia linafanya kazi ya mawili. Bati la jikoni lilikuwa linavuja. Jirani mshona viatu ameliziba kwa lami, na sasa jikoni kunanuka barabara. Dada yangu wa nyumba ya pili mzima, anagombana na kila mtu, ndiyo dalili ya uzima wake.

Naandika kwa sababu simu yako imenichosha. Kila nikigusa jambo lenyewe unasema mtandao mbaya. Karatasi haina mtandao. Na usicheke mwandiko. Unajua mimi darasa sikuliona. Herufi zangu nilizipata kwenye vibandiko vya mizigo, miaka thelathini niliyofunga mizigo ya watu pale kituo cha mabasi.

Jambo lenyewe ni wajukuu zangu. Ni mwaka na nusu tangu mwanangu atutoke, na mwaka na nusu huu wote nakuambia niletee watoto niwalee. Wewe ni fundi lifti. Unaitwa watu wakikwama, na watu hawakwami kwa ratiba. Somo yangu ana miaka saba na tayari anamwogesha mdogo wake. Sikumpa jina langu awe yaya. Mwanasheria ana mitano, anabishana hadi na mlango. Kitinda ana mitatu na hajui sauti ya mama yake ilikuwaje. Nikikuuliza, unajibu, "Tunaendelea vizuri, Mama." Vizuri ipi hiyo isiyo na maelezo?

Sasa umesema likizo ya Aprili utawapeleka ile bustani ya michezo, yenye magurudumu na treni za kupindua watu, mwendo wa saa tatu kwa basi, kama mama yao alivyowaahidi. Vema. Tuwekeane mkataba. Ukiweza siku moja, peke yako, watoto watatu, kwenda na kurudi, bila kuniita mimi wala kumwomba jirani, sitawadai tena. Ukishindwa, shule zikifungwa Agosti unaniletea wote watatu na nguo zao.

Na kabla hamjaondoka niandikie unachobeba. Pale kituoni nilikuwa nikimtazama mtu na mizigo yake najua kama atafika. Una mikono miwili na watoto watatu. Hesabu imeshakataa, usiiongezee begi.

Mama mkwe wako, mwenye goti moja na nusu.


Tarehe 19 Februari

Mama,

Shikamoo. Tumepokea barua yako na tumefurahi kusikia mko salama, isipokuwa goti, ambalo tunaliombea. Watoto wamegawana salamu. Kitinda amelalamika kwamba fungu lake ni dogo. Mwanasheria aliitwa kwa mwalimu mkuu kwa sababu alimuuliza mwalimu wake nani alimpa ruhusa ya kupiga kengele. Somo yako anasoma kila karatasi anayoiona, hata za dawa. Mimi kazi ni nyingi. Lifti ya hospitali imekwama mara mbili wiki hii.

Mkataba nimeukubali.

Kuhusu mizigo, naomba unielewe. Fundi akisahau bisibisi chini na lifti imekwama ghorofa ya kumi na mbili, ngazi zinamhusu. Kwa hiyo mimi hubeba vya kutosha. Orodha ni hii:

Nguo za kubadilisha, seti nne kwa kila mtoto. Sweta tatu. Makoti ya mvua manne. Mwavuli. Taulo kubwa mbili, ndogo tatu. Sabuni. Pasi. Sufuria ndogo na kijiko chake. Chupa ya maji moto. Chupa ya maji baridi. Mkate, mayai ya kuchemsha, ndizi, biskuti. Sanduku la dawa. Kipimajoto. Mkeka wa kukalia. Kandambili za watoto. Kandambili za kike namba thelathini na nane. Kitambaa cha kichwa cha zambarau. Miwani ya jua, ile kubwa. Mpira. Vitabu vya picha. Bisibisi tatu. Kamba mita sita. Tochi. Betri za tochi. Betri za akiba.

Ni mabegi matatu na kigari cha Kitinda. Nimepanga kwa utaratibu na kila begi lina namba.

Mkweo mtiifu.


Tarehe 4 Machi

Mkwe wangu,

Salamu leo ni fupi kwa sababu nina hasira. Dada yangu mzima. Lami imekauka. Wabusu watoto.

Orodha yako nimeisoma siku mbili. Siku ya kwanza nilidhani mnahama. Pasi ya nini? Nani atapigiwa pasi juu ya bembea? Tochi, na betri za tochi, na betri za akiba, na mnakwenda mchana kweupe. Sufuria ya kumpikia nani, dereva wa treni? Seti nne za nguo kwa kila mtoto: mtoto akichafuka mara nne kwa siku moja, hiyo si safari, ni maradhi. Kamba naikubali, kamba ni kitu cha maana. Lakini bisibisi tatu unataka kumfungua nani?

Nimefunga mizigo ya watu mpaka vidole vikapinda, nikuambie nilichokiona. Anayekwenda mbali huja na mfuko mmoja. Anayekwenda kituo cha pili huja na kitanda. Na wote wanaokusaidia kupandisha husema ni mwepesi, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe ndiye utakayeubeba kwenye jua la saa saba.

Namna ya kupima ni hii. Vaa mabegi yote. Mbebe Kitinda kiunoni. Waambie wale wawili wakimbie, mmoja mashariki mmoja magharibi, kisha wafukuze. Ukimkamata mmoja tu, punguza. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, lakini wahenga hawakuwa na watoto watatu kwenye bustani ya michezo. Pale mkono mtupu ndio unaotakiwa.

Sasa nimefika kwenye kandambili za kike.

Namba thelathini na nane. Wewe unavaa arobaini na tatu, viatu vyako vya harusi nilivinunua mwenyewe. Mguu wa somo yangu ni kama kijiko. Mimi hukunialika. Na kitambaa cha kichwa. Na miwani "ile kubwa", kana kwamba mimi naijua. Ni nani huyo?

Sikukatazi kuoa. Mwanamume wa miaka thelathini na minane hawezi kuishi akizungumza na kabati. Lakini kumkutanisha na watoto siku ileile aliyoiahidi mama yao, na mimi nimkute huyo mtu kwenye orodha, katikati ya taulo na mpira, hapo umenikosea. Tena mkataba ulisema peke yako.

Niandikie ni nani. Jina lake silihitaji. Nataka kujua ana subira au hana.

Mimi, ambaye hukutaka kuniambia kwa mdomo.


Tarehe 8 Aprili

Wewe,

Wiki tano. Umekaa kimya kama maji ya mtungini. Nimehesabu posta, nimehesabu mvua, nimehesabu hata uvivu wako, bado wiki mbili zimezidi.

Habari za huku: hakuna. Dada yangu anasema nisikuandikie mpaka ujibu. Nimemwambia yeye hana wajukuu kwako, anyamaze.

Jana nilimpigia somo yangu ukiwa kazini. Nikamuuliza, "Hapo nyumbani mnakaa nani na nani?"

Akasema, "Sisi, na Baba, na paka wa jirani."

"Hakuna mgeni?"

"Fundi bomba alikuja mara moja. Alivunja kikombe."

"Mwanamke je?"

"Fundi bomba ni mwanamume, Bibi."

Nikamuuliza, "Bustani mmekwenda?" Namsikia anapumua. Kisha akasema, "Mtandao mbaya, Bibi," akakata. Umemfundisha vizuri.

Kwa hiyo hamkwenda, na kuna kitu mnanificha, na mmemtwisha mtoto kazi ya kukificha. Nikikasirika zaidi ya hapa nitapanda basi nije, na goti langu nitaliweka kwenye buti. Andika. Hata kama ni matusi, andika.

Mama yake mkeo.


Tarehe 18 Aprili

Mama,

Shikamoo. Nisamehe. Hii ni barua ya nne, tatu nimezichana. Watoto ni wazima, kikombe kilichovunjika ni kile cha bluu.

Hakuna mwanamke.

Orodha ile si yangu. Ni ya mwanao. Aliiandika kabla hajalazwa, tulipopanga kwenda wote watano, akaibandika ndani ya mlango wa kabati la nguo. Bado ipo. Ulipoomba orodha niliinakili kama ilivyo, nikaongeza bisibisi, kamba na tochi. Pasi ni yake; unajua hakuvumilia nguo yenye mikunjo hata shambani. Kandambili ni zake kwa sababu viatu vilimbana akitembea sana. Kitambaa unakijua, ulimpa wewe.

Sitakudanganya kwamba nilinakili bila kujua. Nilijua. Nilipofika kwenye mstari ule nilitaka kuuruka, kalamu ikakataa. Nikaona nikikata kandambili itabidi nikate kitambaa, kisha miwani, na mwisho nitabaki na orodha ya watu wanne.

Likizo tulifika mpaka kituo cha mabasi. Tulikuwa na mabegi matatu na kigari, na vitu vyake vyote vimo ndani. Kondakta akauliza, "Mzee, mko wangapi?" Nikasema watano. Mwanasheria akasema, "Wanne, Baba." Nikasema tena watano. Akaanza kunihesabia kwa vidole mbele ya foleni nzima: wewe, dada, mimi, Kitinda. Watu wanasubiri. Alipomaliza akaniuliza, "Unaona?"

Basi likaondoka, sisi tukarudi nyumbani. Somo yako alibeba mwavuli.

Nadhani nimeshindwa mkataba. Ukisema ndivyo, Agosti nitawafungia nguo zao.

Mkweo.


Tarehe 29 Aprili

Mkwe wangu,

Salamu kwako kwanza, halafu kwa watoto. Kitambaa kile nakikumbuka, nilibishana na mwenye duka mpaka akanipa kiti.

Nilisoma barua yako, nikaenda nikaosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilikusingizia mwanamke. Nimeshasema, basi, usinirudishe hapo.

Mkataba ulitaja bustani, haukutaja kituo cha mabasi. Bustani hujafika, kwa hiyo hujashindwa. Kituo nakijua mimi. Waliogeuza safari pale ni wengi, na waliorudi wiki iliyofuata wakapanda ni wengi vilevile. Hakuna aliyewacheka, wote walikuwa wanatafuta tiketi zao mifukoni.

Kuhusu vitu vyake, sikiliza kazi yetu ilivyokuwa. Mzigo wa mtu asiyesafiri haupandi basi. Lakini pia hautupwi. Ulikuwa unaandikwa jina, unawekwa stoo, rafu ya juu, mahali pasipofika maji. Hakuna aliyeuliza utakaa mpaka lini. Nimeona mizigo pale ikikaa kuliko mabasi. Fanya hivyo. Chukua begi moja, tia kandambili, kitambaa, miwani, pasi na ile karatasi ya kabatini. Andika jina lake juu kwa mkono wako, usimwachie somo yangu. Weka juu ya kabati. Hujatupa, na hujabeba.

Yanabaki mabegi mawili. Moja toa.

Lililobaki, la mgongoni, tia hivi: maji, mkate, ndizi, dawa ya homa, kitambaa cha kufutia, seti moja ya nguo za Kitinda. Za Kitinda tu. Hao wakubwa wakilowa watakauka, ngozi haina mshono. Mayai acha, yatapondeka na mtanukisha basi zima. Kigari acha, utaishia kusukuma mabegi huku mtoto umembeba. Waandike namba yako ya simu mkononi kwa kalamu, wote watatu, na Mwanasheria akibisha mwandike miwili.

Ukishuka, mkono mmoja Kitinda, mkono wa pili Mwanasheria, somo yangu ashike mkanda wa suruali yako. Hapo hesabu imekubali.

Bisibisi moja nakuruhusu. Najua bila hiyo hutalala.

Mama yako mkwe, asiye na la kuongeza.


Tarehe 16 Juni

Mama,

Shikamoo. Sisi wazima, natumaini nanyi pia. Lifti ya hospitali imebadilishwa mota, sasa napumua. Kitinda amejifunza kusema "subiri" na halitumii kwa faida ya mtu mwingine.

Begi nililiandika jina. Maneno mawili, jioni mbili. Liko juu ya kabati.

Jumamosi iliyopita tulikwenda. Kondakta aliuliza tuko wangapi, nikasema wanne, na Mwanasheria akaitikia kwa kichwa kama hakimu. Begi moja mgongoni. Nilipofika langoni nilijiona kama niliyesahau mtoto nyumbani, nikawa nawahesabu kila hatua kumi.

Kwenye gurudumu kubwa nilitaka kwanza kuona bolti zimekazwaje. Mwendeshaji akaniambia, "Mzee, unapanda au unanunua?" Tukapanda. Bolti ni nzuri. Mwanasheria alizuiwa treni ya juu kwa ufupi, akamwambia yule mpimaji, "Nipime tena, nilikuwa nimetoa pumzi." Alipimwa mara tatu.

Saa sita Kitinda alipanda vikombe vinavyozunguka, akashuka akatapika, gauni lote. Nikafungua begi. Nguo zake hazimo. Nilitoa ndizi, nikatoa maji, nikakung'uta begi chini, hazimo. Nilitafuta simu mfukoni nikupigie. Jina lako nilishalifungua. Nikairudisha. Nikavua shati langu nikamvika, likamfika miguuni, nikafunga mikono yake kiunoni kama mkanda. Tangu saa sita mpaka basi la jioni nimetembea na singlendi mbele ya umati. Somo yako aliona aibu akajitenga hatua kumi. Nikamwita. Akarudi, akashika mkanda, tukaendelea. Kitinda alicheka jioni yote. Alisema amevaa Baba.

Kwa hiyo nimetimiza. Lakini kuna jambo, na nimeona nikuandikie.

Ndani ya basi wadogo walilala. Somo yako akaniuliza, "Baba, tumeweza?" Nikasema tumeweza. Akasema, "Basi Bibi hatatutaka tena."

Kumbe barua yako ya Februari aliisoma mwenyewe. Mwandiko wako anauweza kuliko mimi. Na nguo za Kitinda ni yeye aliyezitoa kwenye begi asubuhi ile, akazificha chini ya mto. Nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Nilitaka tushindwe kidogo. Si sana."

Sikumgombeza. Nifanye nini, Mama?

Mkweo.


Tarehe 30 Juni

Mkwe wangu,

Leo salamu za kwanza ni za somo yangu, wengine wasubiri foleni. Huku sote tuko, na tukilalamika ni kwa mazoea.

Umeweza. Mwanamume aliyekaa na singlendi kutwa nzima mbele ya watu ili mtoto asikae na matapishi, simdai kitu. Neno langu ni neno. Watoto ni wako, na nyumba yao ni hapo.

Sasa lile la pili. Uliniuliza ufanye nini. Wewe hufanyi kitu, hilo ni langu. Mwite somo yangu, mpe karatasi hii, asome mwenyewe hapa:

Somo, bibi yako alikuwa na hasira akaandika ujinga. Kudai na kutaka ni vitu viwili. Kudai nimeacha. Kukutaka nilianza kabla hujaota nywele. Ukiwa unaweza nakutaka, na ukiwa huwezi nakutaka. Nguo za mdogo wako usizifiche tena, ukitaka kitu sema kwa mdomo mpana kama mimi.

Mrudishe akacheze, haya yaliyobaki ni yako.

Miezi minne mtoto wa miaka saba amekaa na karatasi yangu akiamini kwamba akifaulu anampoteza bibi yake. Nimelifikiria hilo mpaka nikamwambia dada yangu, na yeye kwa mara ya kwanza hakubisha. Nilisema nataka kuwalea. Ndiyo, lakini si hilo tu. Tangu mwanangu afe napika chakula cha mtu mmoja na kinabaki. Hata kijiko kimoja kinabaki. Sikukuambia kwa sababu hukuuliza, na ungeuliza ningekwambia shughulika na lifti zako.

Nikakuandikia mkataba kama wewe ni mpagazi wangu. Nikakupima. Karibu miaka miwili nimekuwa nikikudai, sijawahi hata siku moja kukuomba. Nimeandika mstari huu mara mbili, kalamu yangu nayo inajifanya kukataa, basi vumilia.

Naomba. Hapo kwenu kuna mahali pa kumlaza mtu mmoja mzee, anayekoroma, mwenye maneno, na ambaye lifti hapandi hata umbebe? Sisemi wiki, sisemi mwezi. Mpaka mnichoke, au mpaka nikuchoke wewe.

Ukiwa hutaki, kataa, sitanuna kwa muda mrefu. Ukitaka, niambie mnaishi ghorofa ya ngapi ili nianze kulizoeza goti.

Bibi yao. Na mama yako, kama utanipokea.